Lugha ya Usaili na Lugha ya Kazi

Hotuba kwa maafisa rasilimali watu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, maafisa rasilimali watu mliotoka mikoani na mliopo hapa jijini, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mabibi na mabwana: nawasalimu, na nawashukuru kwa kuniita nizungumze nanyi juu ya jambo lililonikaa moyoni kwa karibu miaka 20.

Mwaka 2006 nilikuwa katibu wa jopo la usaili katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa tukitafuta fundi wa kuendesha boila, kazi ya zamu, na tangazo tulilolitoa gazetini lilisema, kama yalivyosema matangazo yetu yote miaka ile, kwamba mwombaji awe na ufasaha wa Kiingereza cha kuzungumza na kuandika. Akaja mzee wa makamo aliyekuwa ameendesha boila za kiwanda cha nguo kwa miaka 14. Mwenyekiti wa jopo akamtaka ajieleze kwa Kiingereza. Akaanza, akasita, akataja jina lake, akasita tena, na jasho likamtoka. Likafuata swali la ufundi, lililoandikwa na mhandisi ambaye siku hiyo alikuwa safarini: angefanya nini akiingia zamu na kukuta maji hayaonekani kabisa kwenye kioo cha kupimia? Akajibu kwa maneno machache ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili ni sawa na kusema "zima moto, maji hapana." Jopo likadhani mzee amelirudia swali tu, kwamba maji hapana, yaani maji yamekwisha. Akapewa alama 2 kati ya 10.

Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi getini. Njiani, kwa kuona haya ya mtu mzima kufedheheka mbele yangu, nikamuuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Akasimama. "Mama," akaniambia, "maji yakishapotea kwenye kioo, usithubutu kufungulia maji. Mabomba ya ndani yameshapata moto kupita kiasi. Ukiyatia maji ya baridi yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, na boila inaweza kupasuka na kuua watu. Unazima moto, unaiacha ipoe yenyewe, unamwita msimamizi." Maji hapana. Alikuwa amelijibu swali ndani ya chumba kile kwa usahihi kamili, na sisi watatu tuliokuwa mezani hatukuwa na sikio la kumsikia. Niliporudi, fomu zilikuwa zimeshatiwa saini, nami sikusema neno.

Kijana tuliyemchukua alikuwa mtu mwema, alifundishwa kazi miezi mingi, na hakuna aliyeumia. Lakini katika nyumba ya boila ya kiwanda kile, usiku na mchana, hapakuzungumzwa Kiingereza hata siku moja. Mafundi walipokezana zamu kwa Kiswahili, walimwita msimamizi kwa Kiswahili, na daftari la zamu lilijazwa tarakimu za presha na saa. Kiingereza kilikuwamo katika kitabu cha mtambo na kwenye vibandiko vya tahadhari, na mzee yule alikuwa ameishi na vitabu na vibandiko vya aina hiyo kwa miaka 14. Tulimnyima kazi kwa kukosa kitu ambacho kazi haikukihitaji, na tukaiita hatua hiyo kulinda viwango.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Kabla hatujaipima lugha ya mtu, tuijue kwanza kazi yenyewe inaitumia lugha kufanyia nini, kisha tupime hicho, kwa kiwango hicho, wala tusiruhusu ulimi wa msailiwa utumike kama kipimo cha akili yake, uaminifu wake au ufundi wake.

Tukumbuke kwanza Kiingereza hiki tunachokidai tunakipata wapi. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Clive Criper na Bill Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii, wakaona kwamba katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliokuwa wamefikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza hata kuanza. Hicho ndicho kizazi cha mzee wangu wa boila. Mtu wa kizazi hicho, na wa vilivyofuata, akiketi mbele ya jopo na Kiingereza kikamtoka kama maji ya bomba, mara nyingi anachotuonyesha ni kwamba wazazi wake waliweza kulipa ada ya shule iliyomfundisha kwa lugha hiyo tangu chekechea. Si kosa lake, na ni ujuzi wa kweli. Lakini jopo linalotoa alama kwa ajili hiyo, katika kazi isiyohusika na Kiingereza, linalipa kwa mara ya pili ada iliyokwisha kulipwa na wazazi.

Nasikia jibu, kwa sababu nimelisikia kila nilipolileta jambo hili: Kiingereza ni lugha ya biashara, na bila hicho hatutashindana. Nakubali kwamba zipo kazi ambazo lugha ni uti wa mgongo wake. Anayeandika mikataba na wanunuzi wa ng'ambo lazima aandike Kiingereza kisicho na utata. Kijana wa Zanzibar anayewatembeza Waitaliano lazima azungumze Kiitaliano, na vijana wengi wa pwani ya visiwa vile wamekijifunza kwa masikio yao wenyewe, wanakizungumza kwa lafudhi ya Kiunguja, na wageni wanawaelewa na kuwalipa. Kwa kazi za namna hiyo ningependa tuwe wakali zaidi kuliko tulivyo. Ukali wetu wa sasa umetawanyika ovyo: unamwangukia fundi boila, kisha unampita mwandishi wa barua ambaye hatukumpa hata aya moja aiandike mbele yetu kwa sababu alituvutia kwa maongezi.

Naomba niwapeleke kwenye kazi ambayo kosa la lugha huua, kwa sababu watu wa kazi hiyo walilazimika kufikiri kuliko sisi. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca iliyotoka Kolombia kwenda New York ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano wa ndege. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Rubani mkuu hakuwa na Kiingereza cha kutosha, akamtegemea msaidizi wake azungumze na waongoza ndege, na akamwagiza atangaze kwamba wako katika hali ya dharura. Msaidizi aliwaambia waongoza ndege kuwa mafuta yanawaishia. Sentensi yake ilikuwa Kiingereza sahihi, na mwalimu yeyote angeipa vema. Lakini neno lenyewe la dharura, ambalo kwa taratibu za anga ndilo linaloondoa ndege nyingine zote njiani, hakulitamka, na masikioni mwa waongoza ndege, ambao husikia habari za mafuta kila siku, maneno yake yalipita kama taarifa ya kawaida. Ndege ikaanguka Long Island. Wakafa watu 73 kati ya 158.

Baada ya ajali hiyo na nyingine, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka kipimo cha lugha kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa, kilichoanza kutumika tarehe 5 Machi 2008. Kina ngazi sita, na wa kuruhusiwa kufanya kazi ni aliyefika ngazi ya nne. Wanatazama matamshi, sarufi, msamiati, mtiririko, kuelewa na kujibizana, na udhaifu katika kimoja tu kati ya hivyo humshusha mtu hadi ngazi ya udhaifu huo. Huo ni ukali. Ila sikilizeni wanavyosema juu ya lafudhi. Katika ngazi ya nne, matamshi ya mtu yanaruhusiwa kuwa na athari ya lugha yake ya kwanza au ya eneo alikotoka, mradi athari hiyo iwe inazuia kueleweka kwa urahisi baadhi ya nyakati tu. Na katika ngazi ya sita, ambayo ni ya juu kabisa, bado athari ya lugha ya kwanza inaruhusiwa kuwapo, ilimradi karibu kamwe isizuie kueleweka kwa urahisi. Wametaja eneo alikotoka mtu kwa makusudi, kwa kuwa hata mzawa wa Kiingereza mwenye lafudhi nzito ya kijijini kwao anaweza kuwa hatari kwenye redio. Kwa hiyo watu wanaobeba roho za abiria mamia hawamdai mtu azungumze kama Mwingereza. Wanamdai aeleweke, aelewe, na alijue neno la dharura wakati wa dharura.

Kisha linganisheni na chumba chetu cha usaili, ambamo nimewahi kumsikia mjumbe akimpunguzia alama mwombaji wa kazi ya utunzaji stoo kwa sababu Kiingereza chake "kina Kisukuma ndani yake."

Kuna jambo la pili ambalo mzee wa getini alinifundisha na ambalo watafiti wamelithibitisha kwa njia zao: kosa la kutoelewana halikai siku zote kwa msemaji. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, walirekodi Kiingereza cha watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina, wakawaomba wasikilizaji wazawa wa Kiingereza waandike kila walichokisikia, kisha waseme lafudhi ni nzito kiasi gani. Sentensi nyingi zilizohukumiwa kuwa na lafudhi nzito zilikuwa zimeandikwa na wasikilizaji hao hao bila kukosa neno. Yaani mtu alielewa kila kitu, na bado akamhukumu msemaji kuwa mzito. Mwaka 2010, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaenda mbele zaidi. Waliwasikilizisha watu sentensi za maarifa ya kawaida, kwa mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia, zikisomwa na wazawa na wasio wazawa wa Kiingereza. Wasikilizaji waliambiwa wazi kwamba wasomaji wanasoma tu walichoandikiwa. Hata hivyo sentensi zilizosomwa kwa lafudhi ya kigeni zilionekana kwao kuwa na ukweli mdogo zaidi. Walipotahadharishwa kuhusu upotofu huo, waliweza kujirekebisha kwa lafudhi nyepesi. Kwa lafudhi nzito hawakuweza.

Matokeo hayo yalinitisha nilipoyasoma. Kazi ya jopo la usaili ni kuamua kama mtu anasema kweli: kweli alisimamia watu 30, kweli anaijua mashine hii, kweli aliacha kazi kwa hiari. Ikiwa sikio la binadamu humpunguzia ukweli mtu kwa sababu tu kumsikiliza kumechosha, basi alama tunazoziandika kwenye safu ya uaminifu na ya uwezo zimeshachafuliwa na safu ya lugha kabla kalamu haijagusa karatasi.

Huko Hawaii, Manuel Fragante, Mfilipino aliyehamia Honolulu mwaka 1981, aliomba kazi ya ukarani katika ofisi ya leseni za magari. Katika mtihani wa maandishi alikuwa wa kwanza kati ya watu 721. Akaitwa kwenye usaili mfupi, wasaili wakasema lafudhi yake ni nzito mno kwa kazi ya dirishani, na hakuajiriwa. Alikwenda mahakamani akashindwa, na Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi huo mwaka 1989, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kujibu maswali ya watu wengi kwa mdomo siku nzima. Mimi nauona uamuzi ule kuwa mgumu kumeza, hasa kwa vile wasaili wale hawakuwa na kipimo chochote cha lugha zaidi ya masikio yao. Lakini hata mahakama ile iliyompa ushindi mwajiri ilionya kwamba lafudhi na asili ya mtu mara nyingi haziachani, na kwamba mwajiri anayeleta sababu ya lafudhi lazima achunguzwe kwa makini sana, kwa kuwa ni rahisi mno kuificha chuki ya asili nyuma ya neno mawasiliano.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka, na mingine mingi, na inamruhusu mwajiri kuweka sharti linalotokana na asili ya kazi yenyewe. Neno lugha halimo katika orodha hiyo. Wenzetu wa Kenya wamelitaja katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, na Afrika Kusini wamelitaja katika sheria yao ya mwaka 1998. Ningependa vyama vya wafanyakazi vilivyomo humu vilichukue jambo hilo. Lakini hata bila neno lenyewe, anayekataliwa kwa sababu ulimi wake unamtaja alikozaliwa amekataliwa kwa mahali anakotoka, na hilo limeandikwa.

Wengine mtasema kwamba nchi tajiri zinawapima wageni lugha bila huruma, nasi tusijifanye wema kuliko wao. Tutazame wauguzi. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wake Uingereza, na mwaka huo huo Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 wa kwanza, ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Hao ni watu waliosomea uuguzi wote kwa Kiingereza. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na muuguzi anayeelewa anachoambiwa, na sitalaumu kuwapo kwa mtihani. Ila baraza linalosajili wauguzi wa Uingereza lenyewe halikutulia na kipimo chake. Mwaka 2017 lilikubali mtihani mwingine, unaotungwa kutokana na kazi za hospitali, ambamo mtahiniwa huandika barua ya kumhamishia mgonjwa kwa mtaalamu mwingine badala ya insha juu ya mambo ya dunia. Mwaka 2018, katika mtihani wa awali, IELTS, lilishusha alama ya kuandika kutoka 7 hadi 6.5 na kuziacha za kusikiliza, kusoma na kuzungumza palepale. Mwaka 2023 likaanza kupokea ushahidi wa mwajiri ambaye tayari anafanya kazi na mtu huyo na anakiona Kiingereza chake kila siku wodini, pale alipokosa alama kidogo tu. Hatua kwa hatua wamekuwa wakikisogeza kipimo karibu na kitanda cha mgonjwa. Hawakuacha kupima.

Sasa niingie nyumbani kabisa, kwa sababu tusijione wote kuwa wanaoonewa. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 120, wengi wetu humu Kiswahili tulikipata baada ya lugha ya mama, na wasemaji zaidi ya milioni 200 ambao UNESCO inawahesabu ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo nimekaa kwenye majopo yaliyomcheka mwombaji anayechanganya r na l, yaliyoandika kwamba dada wa mapokezi "ana Kiswahili cha bara," kana kwamba wateja wetu wote wamezaliwa Mji Mkongwe.

Kampuni moja ya mawakala wa forodha niliyoisaidia usaili ilikuwa ikitafuta mtu wa kushughulikia mizigo ya Kongo inayopita bandari ya Dar es Salaam. Alikuja mama mmoja aliyekulia Lubumbashi. Kifaransa chake kilikuwa safi, na nyaraka za upande ule alizijua moja baada ya nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga: alisema "batu" pale tunaposema "watu," na sarufi yake ilikwenda kwa njia zake. Wajumbe wawili walishikilia kwamba Kiswahili chake ni kibovu na ataiaibisha ofisi. Nikawauliza wateja wa dawati hilo ni akina nani. Walikuwa wafanyabiashara wa Lubumbashi, Kolwezi na Likasi. Kiswahili chake kilikuwa ndicho hasa Kiswahili cha wateja. Safari hiyo sikunyamaza, na aliajiriwa.

Na upo upande ambao hatuugusi kabisa. Mgeni anakuja kuwa msimamizi wa watu 200 katika mradi wa barabara au kiwanda, na mkataba wake haumdai hata salamu ya Kiswahili. Fundi wa chini yake ndiye anayedaiwa kuelewa Kiingereza cha mtu ambaye Kiingereza si chake pia, na mara nyingi Wachina, Waturuki na Watanzania wanakutana kwenye Kiingereza kama watu wanaovuka mto kwa daraja la miti iliyooza. Tunapomhitaji mgeni huyo atoe maagizo ya usalama, Kiswahili ni sharti linalotokana na asili ya kazi yake, kuliko Kiingereza kilivyokuwa sharti la fundi boila. Tumwandikie miezi 6 ya kujifunza, tumlipie mwalimu, na tumpime.

Mtaniuliza tufanyeje. Katika sehemu yangu ya mwisho ya kazi tulianza na kitu kidogo: tulimkataza afisa yeyote kuandika sharti la lugha kwenye tangazo kabla hajakaa nusu siku mahali kazi inapofanyika na kuandika nani anazungumza na nani, anasoma nini, anaandika nini, na kosa la lugha pale linaleta hasara gani. Aliyekwenda stoo alirudi na karatasi ikisema kwamba mtunza stoo anasoma majina ya vipuri kwa Kiingereza, anazungumza Kiswahili tu, na anaandika tarakimu. Tangazo likabadilika: awe na uwezo wa kusoma orodha za vipuri kwa Kiingereza. Waombaji walioogopa sentensi ya zamani wakaanza kuja.

Kwenye usaili wenyewe tulitenganisha mambo mawili. Maswali ya kazi yalitolewa kwa lugha anayoichagua msailiwa, yameandikwa kwenye karatasi mbele yake ili asipoteze akili yake kwenye kusikia, na mezani lazima awepo mtu anayeijua kazi. Mngekuwa nami mwaka 2006, mhandisi mmoja tu kwenye kiti kile angeelewa "maji hapana" mara moja. Lugha ilipimwa peke yake, na aliyepima hakuwa mmoja wa waliotoa alama za kazi. Kipimo kilitolewa kwenye kazi: soma kibandiko hiki cha tahadhari cha Kiingereza, kisha niambie kwa Kiswahili kinataka ufanye nini; pokea simu hii, uniandikie ujumbe; huyu anaingia zamu, mkabidhi. Utumishi wa umma tayari una usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Huo wa vitendo ndio lugha ingepaswa kuhamia, iondoke kwenye mahojiano ambako sasa inatawala kila kitu.

Na mtu akishaajiriwa, lugha yake haijaganda. Tuliiga kwa marubani desturi yao ya kurudia maagizo: anayepokea agizo analirudia kwa maneno yake kabla ya kwenda, na hii ikawa kwa wote, pamoja na mkurugenzi, ili isiwe alama ya aibu kwa asiye mzawa wa lugha. Tulitengeneza kijitabu cha maneno ya karakana kwa Kiswahili na Kiingereza, na mafundi wenyewe ndio waliochagua maneno, kwa kuwa wao ndio wanaojua kwamba hakuna anayeiita boila "chemshio." Gharama ya hayo yote ilikuwa karatasi na nusu siku zaidi kwa kila nafasi.

Sikuwahi kumwona tena mzee yule. Jina lake lilikuwa kwenye jalada ambalo lazima limeshateketezwa kwa utaratibu wa kumbukumbu, na kwenye fomu yake, mahali pa maoni ya katibu, hapakuwa na kitu.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeweka nakala za fomu tuliyoitumia baadaye. Safu za lugha ziko ukurasa wa 2, zimetengwa kwa mstari mzito, na chini yake pana nafasi ya katibu wa jopo kuandika jambo lolote alilolisikia kwa msailiwa nje ya chumba cha usaili, ambalo jopo linalazimika kulisoma kabla ya kutia saini. Mliombwa mje na tangazo moja la kazi la ofisi zenu. Ningefurahi tukianza majadiliano na hayo matangazo: kila mmoja asome sentensi ya lugha iliyomo, kisha atuambie aliyeajiriwa kwa tangazo hilo anazungumza na nani tangu anapoingia asubuhi mpaka anapotoka.